Tulijenga duara la kuotea moto mara mbili: makosa ya la kwanza, vipimo vya la pili

Duara la kwanza lilidumu Julai moja na vuli moja. Lilisimamishwa nyuma ya nyumba upande wa Lang'ata, Nairobi, kwa matofali ya saruji yaliyosalia kwenye ujenzi wa ukuta, ndani likazungushiwa mawe ya mto kwa sababu yalipendeza macho, na chini likamwagwa zege lililolainishwa hadi likang'aa. Moto wa pili tu, jiwe moja la mto lilipasuka kwa kishindo na vipande vyake vikaruka hadi kwenye viti. Hakuna aliyeumia, ila tangu usiku ule watoto walikataa kukaa karibu. Kufikia Novemba ukuta ulikuwa na nyufa pande tatu, na ndani kidimbwi cha maji meusi ya majivu kilikaa wiki mbili bila kukauka.

La pili lilijengwa mwaka uliofuata, hatua chache kutoka pale pale, na bado liko imara. Kati ya hayo mawili kuna jambo moja ambalo lingetuokolea pesa na hofu kama tungelijua mapema: kinachobomoa duara la moto ni maji. Maji yaliyo udongoni, yaliyojificha ndani ya jiwe, yaliyofungwa ndani ya saruji, yaliyomo kwenye kuni mbichi, na yale yanayomwagwa kwa ndoo usiku watu wakitaka kwenda kulala.

Kwanza mahali. Ploti nyingi za Nairobi ni futi 50 kwa 100, na ukishatoa nyumba, njia ya gari na tangi la maji, kinachobaki ni kidogo. Kwenye ploti ya 40 kwa 80 ni heri kuachana na ujenzi kabisa na kutafuta jiko la chuma la kubebeka. Sisi tulishika mita 4 kutoka ukuta wowote wa nyumba na mita 6 kutoka ua wa miti, na juu pakawa wazi: hakuna tawi, hakuna waya wa stima, hakuna paa la makuti. Upepo wa Nairobi mara nyingi hutoka mashariki, kwa hiyo moshi huelekea magharibi. Duara likikaa mashariki mwa nyumba, vyumba vya kulala vitanuka moshi mpaka asubuhi. Kabla hujachimba, washa udi pale pale jioni tatu au nne mfululizo, utazame moshi wake unakokwenda. Kama nyumba ni ya kupanga, ruhusa ya mwenye nyumba itangulie. Jirani naye aambiwe mapema, maana nguo zake zinaanikwa upande wa pili wa ukuta.

Jambo jingine la kutafuta kabla sururu haijagusa ardhi ni tangi la maji taka, pamoja na mabomba na nyaya zilizozikwa. Tangi hilo hutoa gesi ya methani, na moto haufai kukaa juu yake wala karibu na bomba lake la hewa. Nyumba nyingi hazina mchoro wa mabomba, kwa hiyo muulize aliyelichimba, au fuata mfuniko hadi mfuniko.

Sasa udongo, na hapa ndipo tulipokosea zaidi. Upande wa Runda, Kiambu na Kikuyu udongo ni mwekundu, unapitisha maji na umetulia. Lang'ata, South C, Embakasi, Syokimau hadi Kitengela unakutana na udongo mweusi, ule unaonata kwenye kiatu mpaka mguu unakuwa mzito. Udongo huu ukinywa maji huvimba, jua likikaza husinyaa na kupasuka nyufa za kuingiza kiganja. Chochote kilichojengwa juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka, masika ya Machi hadi Mei, kisha vuli ya Oktoba hadi Desemba. Duara la kwanza lilikaa moja kwa moja juu ya udongo huo, zege la sentimita 15 bila mawe chini yake. Fundi alisema, "Mkubwa, hii ni ya kuota moto tu, si ghorofa." Tukamkubalia ili tuokoe siku moja ya kibarua, na kosa lilikuwa letu.

Mara ya pili tulichimba mduara wa kipenyo cha mita 1.8, kwenda chini sentimita 60, ambapo udongo mweusi uliisha na maramu ya njano, ule udongo mgumu wa changarawe, ikaanza. Kwako huenda ikawa chini zaidi, basi fuata rangi na ugumu wa ardhi badala ya kushikilia namba yetu. Udongo uliotoka ulijaza wilbaro zaidi ya 30. Hatukuwa tumepanga pa kuupeleka, na pikapu ya kuuondoa ikawa gharama ambayo haikuwa kwenye daftari.

Jambo lililotushtua zaidi lilikuja hapo. Shimo lililojazwa kokoto ndani ya udongo mweusi ni sufuria. Mvua inaingia, pembeni haipiti, chini haipiti, na kokoto zote ulizonunua zinakaa zimeloa miezi mitatu. Ndiyo maana lazima kuwe na njia ya kutoka. Tulilaza bomba la plastiki la inchi 2 lenye matundu, likaanzia katikati ya shimo na kwenda mita 7 hadi sehemu ya bustani iliyo chini zaidi, mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Mdomo wake wa nje ufungwe wavu, la sivyo panya watahamia. Kwenye udongo mwekundu bomba hili si lazima.

Chini tulijaza sentimita 25 za mawe yaliyovunjwa kwa nyundo na kushindiliwa. Juu yake, pembeni tu chini ya mahali ukuta utakapokaa, sentimita 13 za maramu iliyonyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa kwa tabaka mbili. Katikati hapaguswi na maramu, panajazwa kokoto ili maji yashuke. Kisha pete ya zege juu ya maramu: upana sentimita 35, unene sentimita 12, ndani yake pete mbili za nondo ya milimita 8. Mchanganyiko ni saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, na mfuko mmoja wa kilo 50 ulitosha. Sehemu ya juu ya pete hiyo inabaki sentimita 10 chini ya usawa wa ardhi. Usikubali zege lienee hadi katikati. Sakafu ya moto iwe kokoto, na juu yake sentimita 5 za mchanga mnene wa mto.

Kuhusu mawe, inafaa kueleza kwa nini, maana mtu akijua sababu hashawishiki tena dukani. Jiwe la mto limelala majini miaka mingi na maji yameingia kwenye vitundu na nyufa zisizoonekana. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi ya karibu mara 1,600 ya yale yaliyokuwa nayo, na yasipopata njia ya kutoka jiwe hulipuka. Mawe ya mazera, yale mabapa ya mchanga yanayoletwa kutoka Pwani na kupendwa kwa njia za kutembea, hubanduka tabaka kwa tabaka yakipata mwali. Yatandike chini ya viti, yakae mbali na moto. Ndarugo, jiwe la kukatwa kwa mashine kutoka upande wa Juja, lina vitundu na hufyonza mvua. Linafaa sana kwa ukuta wa nje lakini lisitazamane na moto. Saruji ya kawaida nayo hushika kwa kufunga maji ndani yake. Joto likipita nyuzi 400 hivi, maji hayo hutolewa kidogo kidogo na saruji hulegea, kisha ikipata unyevu tena huvimba na kumomonyoka. Katikati ya makaa mekundu joto hupita nyuzi 700. Matofali ya saruji ya duara la kwanza yalikuwa yakivunjika kwa mkono kufikia mwisho wa mwaka.

Kwa hiyo kinachotazamana na moto ni tofali la moto, lile la rangi ya krimu linalotumika kwenye tanuri na majiko ya mikate. Lina urefu wa sentimita 23, upana 11.4 na unene 6.4, na uzito wa kilo 3 na nusu hivi. Dukani gonganisha mawili: zima hulia kwa sauti kali kama chuma, lenye ufa hutoa sauti ya kibubu. Rudisha vibubu vyote. Tulihitaji 48, tukanunua 52, na matatu yalivunjika wakati wa kukata.

Matofali husimamishwa wima, uso mpana ukitazama moto. Chomeka kigingi katikati, funga kamba ya sentimita 44.5, na mstari wa kamba hiyo ndio uso wa ndani. Mzunguko mmoja unachukua matofali 24 yenye mwanya wa milimita 3, na kipenyo cha ndani kinatoka sentimita 89, kinachotosha watu wanane kuketi bila kusongamana. Panga yote makavu kwanza, bila kuunganisha, uone kama duara linafunga. Sisi tulianza kuunganisha bila kupanga, tofali la 24 likakosa nafasi kwa sentimita 4, na asubuhi nzima ikaenda kwa kubomoa.

Kwa kuwa matofali yamenyooka na duara limepinda, nyuma ya kila kiungo hufunguka karibu sentimita 2. Pajaze vizuri kwa mchanganyiko huu: mchanga laini 3, udongo wa kuunganishia matofali ya moto 1, chokaa ya unga 1, saruji 1. Udongo ule peke yake, unavyouzwa kwa ajili ya tanuri za ndani, hauna nguvu hadi upikwe, na mvua moja huusomba wote. Saruji iliyomo hushikilia siku za mwanzo, na joto likiimaliza pale mbele, chokaa na udongo hubaki vimeshika. Chovya kila tofali kwenye ndoo sekunde chache kabla ya kulipanga, lisije likanyonya maji ya mchanganyiko.

Hewa. Duara la kwanza halikuwa na tundu hata moja, ndiyo sababu lilifuka moshi mchana kutwa. Katika mzunguko wa chini kata matofali manne, kila robo ya duara moja, yawe na urefu wa nusu. Hapo unapata matundu manne juu kidogo ya ardhi, na ukuta wa nje uachwe wazi mahali pale pale. Mzunguko wa pili wa matofali 24 usogezwe nusu tofali, ili kila moja likae juu ya mawili na yaliyo juu ya matundu yasidondoke. Urefu wote unatoka sentimita 46, ambazo 10 ziko ardhini.

Ukuta wa nje ni Ndarugo ya inchi 6 kwa 9, mizunguko miwili, vipande 16 kila mmoja. Kila kipande kikatwe mshazari: sentimita 26.5 upande wa nje, 20.5 upande wa ndani. Fundi akivikata kwa kugeuza, kipana huku kisha kipana kule, jiwe halipotei, na futi 30 zinatosha. Kati ya Ndarugo na matofali ya moto acha nafasi tupu ya sentimita 3. Fundi atataka kuijaza saruji, kwa nia njema kabisa, kwa sababu mkono wake umezoea kuziba kila pengo. Mzuie. Tofali la moto hutanuka likipata joto, na likikosa pa kutanukia husukuma ukuta wa nje hadi upasuke. Mawe ya kufunika juu yalale kwenye ukuta wa nje peke yake, yaipite ile nafasi hadi nusu ya unene wa tofali bila kuunganishwa nalo, na yainamie nje kidogo ili mvua iteremkie bustanini.

Gharama, kama zilivyoandikwa: matofali ya moto shilingi 13,000. Ndarugo 1,650. Mifuko miwili ya saruji 1,500. Chokaa na udongo 900. Mawe ya kujazia, maramu, kokoto na mchanga, pamoja na kuletwa, 5,500. Nondo na bomba 1,900. Fundi siku nne 6,000, mtu wa mkono siku tano 4,000. Kuondoa udongo 3,000. Mfuniko 4,500. Jumla shilingi 41,950. La kwanza lilikula 14,000, na kulibomoa 3,000 nyingine. Bei hubadilika, uliza siku unayonunua, lakini uwiano haubadiliki sana: matofali ya moto na kazi ya mikono ni zaidi ya nusu. Ukitaka kupunguza, punguza urembo wa nje. Kilicho chini ya ardhi kisiguswe.

Ukimaliza, subiri siku 28. Wiki ya kwanza ukuta wa nje unyunyiziwe maji asubuhi na jioni, huku ndani kumefunikwa turubai. Kisha moto wa kwanza uwe wa vijiti tu, nusu saa. Kesho yake saa moja. Siku ya tatu kuni mbili ndogo. Utaona mvuke ukitoka kwenye viungo na jasho likitokeza kwenye jiwe la nje, na hiyo ndiyo kazi inayotakiwa, maji yatoke polepole. Ukiwasha moto wa sherehe siku ya kwanza, utakuwa umefanya lile lililofanywa na jiwe la mto.

Kuni nazo. Muwati, mgunga na mgrevilea huwaka vizuri na kuacha makaa mazuri. Zipasuliwe na kukaa chini ya paa miezi sita. Ukigonganisha mbili zilizokauka zinalia, na ncha zake zina nyufa. Mkaratusi hurusha cheche, na saipresi hurusha cheche pamoja na moshi wa utomvu, kwa hiyo zote mbili ziepukwe kama ua uko karibu. Lakini kuna vitu ambavyo tunaomba visiingie kabisa. Vipande vya nguzo vya rangi ya kijani vilivyotiwa dawa ya mchwa huwa na arseniki, na sumu hiyo hutoka na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu. Mbao za paleti, yale majukwaa ya kubebea mizigo, zenye muhuri wa MB zilipuliziwa sumu ya wadudu. Mbao zilizopakwa rangi na mabaki ya kabati hazifai. Ua wa oleanda, wenye maua ya waridi au meupe, na ua wa mnyaa wenye utomvu mweupe, ukikatwa usichomwe: moshi wake unadhuru macho na kifua.

Asiyetaka kujenga anaweza kununua, na si jambo baya. Rimu ya lori ya inchi 20 ni chuma kinene, hudumu miaka, na inatosha watu watatu au wanne. Iwashe kwa mara ya kwanza mahali pa wazi, watu wakiwa mbali, hadi rangi iishe. Pipa la lita 200 lililokatwa ni rahisi na hupatikana kwa mafundi wa chuma wa Kamukunji, Nairobi, lakini bati lake ni jembamba na litatoboka. Uliza lilibeba nini. Pipa la mafuta au la kemikali lenye mvuke ndani linaweza kulipuka likikatwa kwa grinda au kwa gesi, na watu hupoteza maisha hivyo. Liwe limekatwa tayari, au chukua la vyakula. Chuma kilichopakwa zinki kisitumike, kwa kuwa moshi wa zinki huleta homa na kifua kubana. Kama unaagiza pete ya chuma, sema bamba la milimita 4, kimo sentimita 30, urefu mita 3. Itatoka na kipenyo cha sentimita 95 na uzito wa kilo 28 hivi. Nayo isikae juu ya udongo mtupu, iwekewe kokoto.

Kila moto uwe na ndoo mbili za mchanga karibu na mpira wa maji uliofungwa bombani. Moto ukiruka uani, piga 999 au 112 kwanza, kisha pambana nao. Kuzima kwa kawaida kuanze mapema: acha kuongeza kuni saa moja kabla ya kulala, tandaza makaa, yafunike kwa mchanga. Maji kwenye tofali lililo jekundu hulipasua siku hiyo hiyo, na mvuke wake huchoma mikono ya anayemwaga. Ikibidi maji yatumike kwa sababu upepo umeamka, yanyunyizwe kidogo kidogo katikati, mbali na ukuta.

Mfuniko tuliuagiza Kamukunji, chuma cha milimita 3 chenye mgongo katikati ili mvua iteremke. Hukaa juu ya vijiwe vitatu vya sentimita 2, hewa ipite na unyevu usinase chini yake. Hufunikwa asubuhi, duara likishapoa, na halikosi mfuniko kuanzia Machi hadi Mei hata siku za jua. Majivu huzolewa baada ya saa 24, kwa karai la chuma, maana chini ya majivu baridi kaa hai huweza kujificha usiku kucha. Yasiachwe humo msimu wa mvua, kwa sababu yakiloa hutoa maji makali yanayokula chuma na viungo. Wenye udongo mwekundu wayanyunyize kidogo kwenye sukuma wiki. Sisi wa udongo mweusi tunayachanganya kwenye mboji, karai moja kwa rundo zima, yasizidi.